Kulala hemani upande wa Bunkeya

Ijumaa

Likizo kubwa ilipokaribia, mtaani kwetu Katuba, Lubumbashi, kila mwenye gari alikuwa anazungumzia Zambia: Livingstone, maporomoko, pasi za kusafiria, foleni ya mpakani Kasumbalesa. Sisi tumegeuza gari upande mwingine, na sababu ni swali la darasani. Binti yetu mkubwa aliulizwa mji mkuu wa kwanza wa Katanga ulikuwa upi, akaandika Lubumbashi, akapewa alama zote. Kambo yake, yaani mama yangu mzazi, aliposikia alisukuma sahani ya bukari, ugali wetu, pembeni.

"Lubumbashi? Lubumbashi ni mutoto. Mupeleke bana Bunkeya."

Ana haki. Lubumbashi ilianza mwaka 1910 ikiitwa Élisabethville, reli ilipofika kutoka Rhodesia na kampuni ya madini ya Union Minière ikaanza kujenga tanuru lake. Wakati huo Msiri, mfalme wa Bayeke, alikuwa ameuawa tangu mwaka 1891, na mji wake wa Bunkeya ulikuwa umeshavuma, ukasambaratika, na kubaki masimulizi. Misafara ilitoka pale na shaba na pembe za ndovu, mingine ikienda Bahari ya Hindi, mingine Atlantiki upande wa Benguela. Mtoto wa Lubumbashi anakua akitazama bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na mlima wa takataka za shaba, anafikiri shaba ilianza pale.

Tumeondoka giza likiwa bado, Kambo kiti cha mbele na baba watoto kwenye usukani, mimi nyuma na watoto watatu, magodoro, hema mbili na sufuria kubwa ambayo Kambo alikataa kuiacha. Hadi Likasi ni kama kilomita 120 za lami. Kazi ya barabara hii ni kuvumilia: kamyo, yaani malori, za madini zimefuatana kama siafu, na wanaume wa makala (makaa) wanasukuma baiskeli zenye mifuko mirefu kuliko wao wenyewe, hivyo ukitaka kupita unaangalia mara mbili. Asubuhi ya Julai ni baridi kweli. Kando ya njia watu wameota moto, wamejifunga vitenge hadi kichwani.

Kwenye daraja la Lufira baba watoto ana hadithi yake, na huwezi kupita naye bila kuisikia. Septemba 1961, Katanga ikiwa imejitenga na Kongo, wanajeshi wa Ireland waliokuja na Umoja wa Mataifa walizingirwa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na jeshi la Katanga likiwa na mamluki wake. Kikosi kilichotumwa kutoka Élisabethville kwenda kuwaokoa kikagota hapa hapa darajani. Wale wa kule walipigana siku kadhaa hadi maji na risasi vikawaishia, wakajisalimisha, na katika mapigano yale hakufa hata mmoja wao. Watoto walishika pumzi. Kambo alikuwa anachagua samaki wa ziwa Tshangalele kwenye beseni la mama mmoja dirishani, akasema bila kugeuka, "Hiyo ni vita ya juzi."

Likasi tulijaza mazuti (dizeli), tukanunua mikate, sukari na betri za tochi. Baadaye lami ikaisha, tukaingia vumbi. Kuhusu vumbi lile nitasema tu kwamba mkate haukubaki mweupe.

Shamba tulilofikia haliko ndani ya Bunkeya kwenyewe, liko kabla ya kijiji, kando ya kijito chenye maji hata kiangazi. Mama mwenye shamba alizoea kupata wageni mwezi wa Desemba, wakati Bayeke wanapokusanyika kukumbuka kifo cha Msiri na vitanda vya kijiji havitoshi. Akafyeka sehemu chini ya miti, akachimba vyoo viwili, akaweka pampu ya maji ya mkono, na sasa anapokea familia kiangazi chote. Hakuna umeme wala baa, na muziki mwisho ni saa tatu usiku. Hilo la muziki ndilo lililonivuta mimi.

"Mulifika muzuri?"

"Eyo, mama. Tulifika."

"Na mukubwa atalala wapi?"

Kambo alikuwa ameshazunguka hema mara moja akiligonga kwa fimbo. "Mu hii mufuko? Mimi?" Akapewa chumba ndani ya nyumba, kitanda cha mbao na mablanketi mawili, akafunga mlango mapema.

Vigingi vilitukataa. Ardhi ya Julai ni kama matofali, na vile vya bati vilivyokuja na hema vilipinda kimoja baada ya kingine hadi kijana wa shamba alipotuletea misumari mirefu ya mbao za paa na jiwe la kugongea. Anayekuja na hema huku kiangazi apitie kwanza kwa fundi wa paa.

Jumamosi

Usiku ulikuwa wa baridi kiasi kwamba mdogo alikuja kulala juu yangu, si kando yangu. Mama mwenye shamba ana sheria moja anayoirudia kwa kila mgeni: mbabula, jiko la makaa, haiingii ndani ya hema. Watu wanaona makala yamekuwa mekundu, moshi umekwisha, wanafikiri ni salama, lakini ule moto usio na moshi unatoa hewa isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Kwa hiyo jioni tunaota moto nje, tunapasha mawe, tunayafunga ndani ya nguo nzito na kuyaweka miguuni. Yanashika joto hadi usiku wa manane. Baada ya hapo kila mtu na blanketi lake.

Sheria yake ya pili ni viatu kulala ndani, kwa ajili ya nge na nyoka. Ya tatu ni kutovuka ule mstari mpana uliofyekwa kuzunguka kambi. Msimu huu nyasi zimekauka na moto wa porini hautoi taarifa.

Watoto wa mjini wakipewa eneo lisilo na kitu cha kubonyeza huwa wanasumbua kwa saa moja, baadaye wanatulia. Wetu walitulia mbele ya kichuguu. Vichuguu vya Katanga si vya kuruka kwa mguu. Hiki kilikuwa kirefu kama nyumba, na miti imeota juu yake. Upande mmoja umekatwa kama mkate, maana udongo wake ndio unaofyatuliwa matofali. Nyumba ya mama mwenye shamba imetoka humo.

Kambo alikuja na kiti chake akakaa karibu. Alikuwa kimya tangu asubuhi, nikajua kuna kitu anakipika kichwani.

"Munajua hii udongo ilikuwa inafanya nini zamani?"

Akaeleza, na ninaandika kwa namna alivyopanga yeye. Mavuno ya mtama yakiisha, mvua ikiwa imekatika, mkubwa wa wachimbaji anatangaza kwamba wakati wa kula shaba umefika. Walikuwa wanasema hivyo, kula shaba, na Wazungu baadaye waliwaita watu hao wala shaba. Kijiji kinahama. Watu wanakwenda kupiga kambi karibu na mgodi, na wanawake na watoto wamo: hao ndio wanaookota malakiti juu ya ardhi, yale mawe ya kijani, wakati wanaume wanachimba mashimo na kuchoma makala. Tanuru linajengwa kwa udongo wa kichuguu kwa sababu unavumilia moto. Linajazwa makala na mawe, mivukuto inapulizwa, na shaba inashuka chini ikiwa uji. Inamiminwa kwenye umbo la msalaba, inapoa, na msalaba huo ni mali: unaoa nao, unalipa nao deni, unamtuliza nao mfalme.

Binti mkubwa alisema ameiona misalaba hiyo kwenye jumba la makumbusho la Lubumbashi, na mitatu kwenye picha ya bendera ya Katanga ya mwaka 1960.

"Ile ya bendera ni ya juzi," akajibu Kambo. "Mimi ninakwambia ya bakambo yangu."

Maana mama yangu ni Msanga, na Basanga walikuwa wakiyeyusha shaba hapa kabla Myeke wa kwanza hajafika. Alipomaliza kueleza akanigeukia mimi, si watoto.

"Na wewe unafikiri kulala mu pori na bana ni mambo ya bazungu. Kiangazi chote tulikuwa tunalala inje."

Nilitaka kumuuliza basi kwa nini yeye amelala kwenye kitanda. Nikanyamaza, ni mama yangu.

Mchana ulikuwa wa munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi. Mama mwenye shamba anaufanya na watoto wa wageni kila Jumamosi, na katika mambo yote ya kambi hii hili ndilo ningelilipia peke yake. Mizizi inaletwa ikiwa na udongo, inaoshwa, inawekwa juu ya jiwe na kupondwa hadi inakuwa nyuzi kama za kamba kuukuu. Watoto walipokezana mchi na kuhesabu kwa sauti. Huku sufuria ya Kambo, ile ile niliyokuwa nimegombana nayo nyumbani, ilikuwa motoni na uji wa mahindi uliochemka hadi kuwa mzito wa kusimamisha mwiko. Ukatolewa, ukaachwa hadi unaweza kuingiza kidole bila kukitoa haraka. Hapo nyuzi za mizizi, zilizokuwa zimelowekwa pembeni, zikatumbukizwa pamoja na maji yake, mama akakoroga taratibu.

Kinachofuata ni cha kuangalia kwa macho. Mwiko uliokuwa unasimama ukaanza kuegemea, ukaanguka. Uji ukalegea, ukawa kama supu, halafu kama maziwa, bila mtu kuongeza maji mengine. Mvulana wetu alionja kabla na baada, akaapa kwamba kuna mtu ametia sukari. Hakuna aliyetia. Mzizi una vimeng'enya vinavyovunja wanga wa mahindi na kuufanya sukari, kazi ile ile wenye viwanda vya bia wanayoifanya kwa shayiri iliyooteshwa. Lakini vinafanya kazi kwenye uvuguvugu tu. Ukiweka mizizi kwenye uji unaochemka umeviua, na utabaki na uji wenye nyuzi. Ukachujwa, ukaingizwa ndooni. Wa leo ni mtamu, wa kunywa watoto. Wa kesho una ukali kidogo. Wa keshokutwa, mama mwenye shamba alisema, ni wa baba watoto.

Jioni tulikula bukari na samaki wa Tshangalele, na matembele kutoka kwenye bustani yake. Giza lilipoingia Kambo akaja kwenye hema la watoto na blanketi lake begani.

"Sogeeni."

Jumapili

Misa kwanza, kanisani Bunkeya, tukiwa na vumbi kwenye mikunjo yote. Baadaye tulipelekwa kwa wazee wa Mwami, chifu wa Bayeke, kupiga hodi. Bunkeya leo ni makao ya uchifu wa Bayeke, ndani ya eneo la Lubudi, na tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015 iko mkoa wa Lualaba, si Haut-Katanga. Huingii ukaanza kupiga picha. Unasema umetoka wapi, wewe ni mtoto wa nani, umekuja kutafuta nini. Tukatoa sukari na chumvi tulizobeba, tukapewa viti na mzee wa kutuongoza.

Kwa macho, usitegemee makubwa. Aliyezoea picha za ngome za mawe atauliza mji uko wapi. Nyumba za matofali, miembe, shule, watoto wanaofukuza mpira wa vitambaa, mlima umesimama pembeni. Mji wa Msiri ulikuwa wa miti, udongo na maboma ya magogo, na mji wa namna hiyo ukiachwa miaka michache nyasi zinauchukua. Kwa hiyo Bunkeya unaitazama kwa masikio.

Mzee alianza mbali, Usumbwa, upande wa Tabora, Tanzania ya leo. Kutoka huko wafanyabiashara walikuwa wanakuja kutafuta shaba, na mmoja wao alikuwa Kalasa. Mtoto wake, Ngelengwa, alirudi katikati ya karne ya 19 na bunduki, akakaa. Ndiye Msiri. Akasaidia wakubwa wa hapa kwenye vita vyao, akageuka kuwa mkubwa wao. Nchi yake iliitwa Garenganze. Mwaka 1886 mmisionari kutoka Scotland, Frederick Arnot, alifika na kupokelewa, akakaa miaka miwili akiona kila kitu.

Hapo Kambo alikohoa. Mzee akaendelea.

Ikafika mwaka 1891. Mfalme Léopold wa Ubelgiji anaitaka Katanga, Waingereza nao wanaitaka kutoka kusini, na Msiri hataki bendera ya mtu yeyote. Léopold akatuma msafara ukiongozwa na Kapteni William Stairs, mzaliwa wa Kanada. Wapagazi na askari wake wengi walichukuliwa Zanzibar na pwani yake. Mzee alilitaja hilo kwa kupita tu, mimi likanikaa: Kiswahili kilikuwa pande zote mbili za bunduki. Stairs akapandisha mlimani bendera ya buluu yenye nyota ya manjano bila ruhusa. Msiri akaondoka usiku kwenda boma lake la Munema. Tarehe 20 Desemba Kapteni Omer Bodson, Mbelgiji, akatumwa kumleta. Maneno yakawa makali, Bodson akampiga Msiri risasi, na yeye pale pale akapigwa na watu wa Msiri. Wote wawili hawakupona.

"Na Stairs?" mvulana wetu akauliza. Anapenda kila hadithi ifungwe.

Stairs hakufika nyumbani. Malaria ilimmaliza Chinde, kwenye mdomo wa Zambezi, Juni 1892. Mvulana akatikisa kichwa kama mtu aliyelipwa deni.

Sikujua kama niwazuie watoto kwenye sehemu ya kichwa. Mzee hakuniuliza. Msiri alikatwa kichwa baada ya kufa, na Mfaransa mmoja wa msafara, Christian de Bonchamps, alieleza kwamba kiliwekwa juu ya mti ili watu wajifunze. Baada ya hapo masimulizi yanatawanyika: kilibebwa, kilipelekwa mbali, kinawafuata waliokibeba. Binti mkubwa aliacha kuandika kwenye daftari lake.

Ndipo Kambo alipovunja ukimya.

"Mzee, na vichwa vya batu ba kwetu? Vile Msiri aliweka juu ya miti ya boma yake? Ile hausemi?"

Nikatazama chini. Baba watoto akaanza kusafisha miwani. Lakini Kambo hakuongopa: wageni waliopita Bunkeya enzi za Msiri waliviona na kuviandika. Na kabla Stairs hajafika Basanga walikuwa wameshaasi, kijiji kimezungukwa na uadui na njaa, na hilo lilimdhoofisha mfalme kuliko bunduki za Zanzibar.

"Mama, uko Musanga?"

"Eyo. Shiye njo tulikuwa hapa mbele. Bao balitukuta." Yaani Basanga ndio waliotangulia, Bayeke wakawakuta.

Mzee akacheka hadi akashika goti. Akasema Msiri alioa katika kila kabila alilolikuta, na hata mwanamke wa damu ya Kireno, Maria de Fonseca, alikuwa miongoni mwa wake zake. Basanga walimtolea wengi. "Basi wewe ni shemeji yangu, unaweza kunitukana." Akaagiza aletewe kiti chenye mgongo badala ya kigoda. Kuanzia hapo walisimulia wawili, kila mmoja akimkatiza mwenzake, na hadithi ikawa nzuri mara mbili. Mzee akisema Msiri alileta amani ya biashara, Kambo anauliza amani ya nani. Kambo akisema shaba ni ya Basanga, yeye anauliza nani aliwauzia ng'ambo. Walifika kwa Mukanda-Bantu, mwana aliyemrithi Msiri chini ya Wabelgiji, wakateremka hadi Godefroid Munongo, wa ukoo huo huo, waziri wa mambo ya ndani wa ile Katanga iliyojitenga chini ya Tshombe, na hapo wote wawili wakapunguza sauti kwa sababu watu wengine walikuwa wanapita.

Nimesoma kurasa kadhaa kuhusu Msiri. Zinamfanya ama jini ama shujaa. Saa mbili chini ya mwembe na watu wawili wasiokubaliana zilinitosha zaidi ya kurasa zote zile, na ningependa walimu wa watoto wangu wangekuwepo.

Mlimani tulipanda jua likipungua, bila Kambo. Kutoka juu unaelewa kwa nini mtu wa misafara alichagua hapa: uwanda unafunguka pande zote, vumbi la mtu anayekuja unaliona mapema, na mashariki, ng'ambo ya Lufira, kuna uwanda wa juu wa Kundelungu. Mdogo alitaka kujua bendera ilichomekwa wapi hasa. Alitafuta tundu kwa bidii yote.

Jumatatu

Siku ya kufua na kulala. Upepo uliinuka, nguo zikawa chafu zikiwa kwenye kamba. Mbuzi wa shamba aliingia hemani na kula nusu ya daftari la historia, upande wa Arnot.

Familia nyingine ilifika kutoka Kolwezi na watoto wanne, na ghafla kambi ikawa na timu mbili za mpira. Choo kimoja kikawekewa foleni. Vyoo viwili ni vichache kwa kambi ikijaa, nimemwambia mama mwenye shamba, naye alikubali kwamba cha tatu kinachimbwa kabla ya Desemba. Maji ya pampu ni mazuri lakini tunayachemsha. Vyandarua tulivitumia hata kwenye baridi hii, kijito kiko karibu.

Alasiri moshi ulionekana upande wa magharibi. Wanaume wa shamba walikwenda na matawi mabichi, wakachoma mstari wa kukinga, wakarudi weusi na kucheka. Baba watoto aliyekwenda nao alirudi mweusi bila kucheka. Munkoyo wa siku ya tatu ukawa wake, kama alivyoahidiwa.

Jumanne

Kukunja hema kunachukua mara mbili ya muda wa kulisimika, na misumari ya paa haitaki kutoka. Tuliilipia tukaiacha ardhini. Mgeni ajaye ataikuta. Malipo kwa mama mwenye shamba ni kwa hema na kwa usiku, watoto hawahesabiwi, kuni ziko ndani ya bei, munkoyo nje. Alikataa kumtoza Kambo kitanda cha usiku mmoja. Kambo alikataa kukataliwa. Walivutana na noti ile ya franga hadi ikaishia mfukoni mwa mtoto wa mama mwenye shamba, wote wawili wakiona wameshinda.

Yule mzee wa Bunkeya alikuja kwa baiskeli kuaga shemeji yake, na mfuko wa viazi vitamu kwenye kerieri. Akasema tarehe 20 Desemba arudi, aje kumpinga mbele ya watu wote. Kambo akasema atakuja, na kwamba atalala hemani.

Njiani kurudi watoto waligawana vita nyuma ya gari. Binti mkubwa alichukua Msiri bila kuomba ruhusa. Mdogo akawa Basanga wote. Mvulana alitakiwa awe Bodson, akakataa kabisa. Bodson anaua, halafu anakufa, halafu hakuna anayemlilia. Stairs naye hakutakiwa, kwa ajili ya malaria. Wakazozana kutoka vumbini hadi kwenye lami, wakampelekea Kambo kesi.

Kambo alifikiri kidogo, akamtazama mkwewe aliyeshika usukani.

"Ule anaendesha gari," akasema. "Yeye njo Muzungu."

Baba watoto akauliza kama anaweza angalau kuwa Arnot.